Ceska au Jericho: Bastola Ichaguliwe kwa Kidole Gumba

Eldoret hutengeneza risasi, lakini haitengenezi bastola. Kiwanda cha serikali cha KOFC, kilichojengwa kwa utaalamu wa kampuni ya FN ya Ubelgiji, kimekuwa kikitoa risasi tangu miaka ya 1990: za milimita 7.62 na 5.56 kwa bunduki ndefu, na zile fupi za milimita 9 zinazoingia kwenye bastola nyingi za polisi wetu. Bastola yenyewe hutoka ng'ambo. Mfanyabiashara wa jumla wa Barabara ya Uganda, mkulima mkubwa wa mahindi kule Moiben au wakili anayeishi chini ya vitisho, akishapewa leseni na kufika dukani, hukutana na majina mawili aliyoyasikia tangu utotoni kwenye taarifa za polisi: Ceska na Jericho. Hapo ndipo ubishi huanza. Huyu atasifu shabaha ya moja, yule atasifu uimara wa nyingine, na wa tatu atakwambia ipi inatisha zaidi ukiitoa. Nionavyo mimi, wote watatu wanabishania dakika moja ambayo huenda isifike maishani mwa mwenye bastola. Kinachostahili kuamua ni yale mkono unayoyafanya kila siku, asubuhi silaha ikitolewa kwenye sefu na usiku ikirudishwa. Kwa kipimo hicho tofauti kubwa ni moja tu: je, bastola ina njia salama ya kushusha nyundo, au kazi hiyo imeachiwa kidole gumba?

Kwanza ifahamike kwamba hizi mbili ni za ukoo mmoja. Ile tunayoiita Ceska imechukua jina la kiwanda cha Česká zbrojovka cha Uherský Brod, mji ulioko Chekoslovakia ya zamani, na mfano uliokipa sifa duniani ni CZ 75, uliobuniwa na ndugu wawili wa familia ya Koucký na kutoka mwaka 1975. Enzi hizo za utawala wa kikomunisti, hataza yake ilibaki siri ndani ya nchi na haikuilinda nje, kwa hiyo wageni waliiga bila kuogopa mahakama. Miongoni mwao ni kampuni ya Tanfoglio ya Italia. Israeli nayo ilipotaka bastola yake, kiwanda cha IMI, kilichokwisha kujulikana kwa Uzi na Galil, kilichukua vipuri vya Tanfoglio na mwaka 1990 kikatoa Jericho 941. Kwa hiyo anayeapa kwamba Jericho ni chuma cha aina nyingine kabisa anamsifu mpwa huku akimkana mjomba. Zote mbili huweka mkono chini kidogo ya mtutu, zote zina mpini unaojaza kiganja vizuri, na katika zote sehemu ya juu inayovutwa nyuma wakati wa kukoki huteleza ndani ya mwili wa bastola badala ya nje. Hilo la mwisho huzipa utulivu wakati wa kulenga, lakini pia huacha sehemu nyembamba ya kushika, na mwenye vidole vilivyolowa mvua ya Julai ataihisi mara moja.

Zinafanana pia katika jambo ambalo wauzaji wengi hulipitia juujuu. Ni bastola zinazofyatuka kwa namna mbili. Nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, kwa sababu kidole kinafanya kazi mbili: kinainua nyundo, kisha kinaiachia. Risasi ya kwanza ikishatoka, bastola hujikoki yenyewe, na kuanzia hapo kila mvuto ni mfupi na mwepesi. Uzito ule wa kwanza umekusudiwa. Ndio unaomruhusu mtu kutembea na risasi ndani ya chemba bila nyundo kuwa juu, na ndio unaompa kidole nafasi ndogo ya kughairi. Basi jiulize: hatari imepita, au ilikuwa kelele tu ya paka juu ya mabati, na umeshika bastola iliyokokiwa. Utairudishaje katika hali ya kwanza? Kwenye CZ 75 Compact ya kawaida, ile ya chuma yenye uzito wa takriban gramu 920, hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Kuna sefti inayoifunga ikiwa imekokiwa. Ukitaka nyundo ishuke huku chemba ina risasi, unaibana kwa kidole gumba, unavuta kifyatulio, kisha unaiachia taratibu. Kwa maneno mengine, unafanya lile lile linalofanywa wakati wa kupiga risasi, ukitumaini tu kwamba gumba halitateleza. Jericho zenye alama ya F zina tabia hiyo hiyo: sefti iko mwilini, kishusha nyundo hakuna. Kuna Jericho za matoleo mengine zilizowekewa kishushio, na ndiyo maana herufi ndogo zinazofuata namba 941 zina uzito kuliko jina kubwa lililochongwa ubavuni.

Ceska nayo ina mtoto wa namna nyingine, CZ P-01, bastola fupi ambayo polisi wa Jamhuri ya Cheki waliichagua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwili wake ni wa aloi ya alumini, uzito wake ni kama gramu 770, na magazini yake hubeba risasi 14 au zaidi kidogo kulingana na toleo. Pale ambapo ndugu zake wana sefti, yenyewe ina kishusha nyundo. Unakibonyeza, nyundo inashuka na kukamatwa kabla haijaigusa pini, na ndani kuna kizuizi kinachoizuia pini isifike kwenye risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Kidole cha kuvutia hakina kazi yoyote katika shughuli hiyo, na kinaweza kukaa mbali, kimenyooka kando ya mwili wa bastola. Hapo ndipo uamuzi wangu unapoegemea.

Kwa nini nilipe uzito mkubwa hivyo jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya hesabu ya maisha ya kawaida. Kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, raia wa Kenya hana haki ya kuzaliwa nayo ya kubeba silaha. Anatakiwa aonyeshe sababu ya maana na aonekane mtu anayefaa. Cheti anachopewa kinataja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa. Uhakiki wa mwaka 2019 uliwapeleka wenye leseni mbele ya bodi upya na kuwapa kadi za kisasa, na hapo wengi walitambua kwamba ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Katika mazingira hayo, mtu hawezi kubadilisha bastola kama abadilishavyo simu. Atakaa nayo miaka. Katika miaka hiyo, mara atakazoielekeza kwa jambazi zinaweza kuwa sifuri, lakini mara atakazoipakia, kuipakua, kuifuta mafuta, kuivua kabla ya kuingia benki au mahakamani na kuifungia nyumbani ni nyingi mno. Kila moja ya hizo inafanyika karibu na watu ambao si maadui: mke, watoto, karani, mlinzi wa lango. Risasi ikitoka bahati mbaya sebuleni Kapsaret, ukuta wa mbao hautaizuia isifike chumba cha pili.

Wapo watakaosema kwamba mvuto ule mzito wa kwanza ndio udhaifu wa bastola hizi, kwamba risasi ya kwanza hukengeuka, na kwamba afadhali kuibeba imekokiwa na sefti juu, kama CZ 75 Compact na Jericho F zinavyoruhusu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Wanaoshindana kwenye viwanja vya shabaha kama Kirigiti, kule Kiambu, wanajua kwamba kidole kisichozoea mzigo huo huvuta mtutu pembeni. Lakini dawa ya mvuto mzito ni mazoezi, na mazoezi yenyewe yanaweza kufanywa kwa kuvuta kifyatulio cha bastola isiyo na risasi, mahali salama, baada ya chemba kukaguliwa mara mbili. Bastola iliyokokiwa haiponi kwa mazoezi ya mwenyewe peke yake. Inamtegemea pia kila anayeweza kuigusa. Tena tusisahau kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoiacha kinga ya kujitetea ipimwe kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani nguvu uliyotumia iwe ya kiasi kwa hatari uliyoiona. Mwenye mvuto mwepesi aliyefyatua kwa kushtuka atalazimika kueleza mahakamani uamuzi ambao kidole chake kilitangulia kuufanya.

Wengine hutaja Westgate. Ni kweli, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye leseni waliingia kwenye jengo lile la Nairobi na bastola zao, bega kwa bega na askari wachache waliovaa kiraia, wakawatoa watu wengi wakiwa hai. Ushujaa wao hauna mjadala. Lakini tazama walichokuwa wakikifanya sehemu kubwa ya muda huo: walitembea polepole kwenye korido zilizojaa wateja waliojificha, wakifungua milango bila kujua nyuma yake kuna nani. Alasiri hiyo hiyo, vikosi vya serikali vilirushiana risasi vyenyewe kwa vyenyewe, na kamanda wa kikosi maalumu cha GSU akauawa. Mtu anayepita katika hali ya namna hiyo anahitaji bastola inayoweza kurudishwa katika utulivu kila anapogundua kwamba aliyemwelekea ni mama na mtoto. Mfano huo, badala ya kuidhoofisha hoja ya kishusha nyundo, unaikaza.

Kuna pia desturi ya kubeba bastola yenye magazini kamili lakini chemba tupu, desturi iliyozoeleka sana Israeli, nyumbani kwa Jericho. Mwenye kuifuata atasema kishusha nyundo hakimhusu. Kinamhusu. Akikoki mara moja kwa sababu ya kishindo getini, nyundo yake tayari iko juu na chemba ina risasi, na swali la gumba linarudi. Ni kweli anaweza kutoa magazini, kuvuta na kuitema ile risasi, na hiyo ndiyo njia bora akiwa na muda na mwanga. Saa nane usiku, mikono ikitetemeka, sina hakika wangapi watakumbuka kutoa magazini kwanza. Anayesahau huitema risasi moja na papo hapo kuingiza nyingine, akidhani ameimaliza kazi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wanaouliza kwa nini tuzungumzie nyundo hata kidogo wakati kuna Glock. Haina nyundo ya nje, haina kishushio, na kila mvuto ni sawa na uliotangulia. Polisi wa nchi nyingi wamehamia huko kwa sababu askari anajifunza jambo moja badala ya mawili. Kwa mtu anayekwenda shabaha mara kwa mara na kutumia ala ngumu inayofunika kifyatulio, sina la kumpinga. Lakini mwenye leseni wa kawaida huku kwetu hufanya mazoezi kwa nadra, na wapo wanaochomeka bastola kiunoni ndani ya sweta au mfuko wa koti la baridi bila ala yoyote. Kwa mtu huyo, mvuto mrefu wa kwanza ni kinga ambayo Glock haimpi. Ningependa anunue ala, bila shaka. Nashauri kwa kuwatazama watu walivyo.

Kuhusu uzito, nitakuwa mfupi. Jericho ya chuma, hata ile iliyofupishwa, inakaribia kilo moja kabla ya risasi, na chuma hicho humeza mtikisiko vizuri kuliko alumini. Ila tofauti ya gramu 150 tu kati ya CZ 75 Compact na P-01 ni sawa na risasi 12 hivi, na mzigo wa namna hiyo ukining'inia ubavuni kutwa nzima humfanya mtu aanze kuiacha bastola kwenye gari. Bastola iliyoachwa chini ya kiti cha gari lililoegeshwa ni zawadi kwa mwizi wa vioo. Zipo Jericho zenye mwili wa plastiki ngumu zinazopunguza tatizo hili, nazo zinastahili kutazamwa, mradi toleo liwe lenye kishushio.

Na yule asemaye bora usibebe kabisa? Kwa wengi wa Uasin Gishu yuko sahihi. Fedha za mahindi siku hizi hupita benki na kwenye simu, M-Pesa ikiwapo tangu 2007, na ile sababu ya zamani ya kulinda mfuko wa noti kutoka ghalani hadi nyumbani imepungua nguvu. Tena jambazi akijua una bastola, bastola yenyewe ndiyo atakayoifuata. Nazungumza na wachache waliobaki, ambao bodi imekwisha kuwakubalia na tishio lao lina sura na jina.

Kwa hao, hukumu yangu ni P-01. Kama moyo umekwisha kwenda kwa Jericho, iwe yenye kishusha nyundo, na nyepesi kadiri inavyopatikana. Kabla namba ya silaha haijaandikwa kwenye cheti, mwombe muuzaji aikague chemba mbele yako, aikoki ikiwa tupu, kisha akukabidhi uishushe nyundo mwenyewe, kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Ikikulazimu uvute kifyatulio ili kuishusha, mrudishie.