MISITU YA KAYA: AMANA TULIYOACHIWA PWANI



Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumzie misitu ya kaya iliyoko pwani ya Kenya, kwani watoto wengi wanaokulia hapa Richfield hawajapata kuisikia.

Kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda, vilivyojengwa kuanzia karne ya 16 ndani ya misitu minene, aghalabu juu ya vilima. Kufikia miaka ya 1940 nyingi zilikuwa mahame, lakini wazee waliendelea kuzilinda kwa miiko: hapakatwi mti, wala hapalishwi mifugo. Mashamba yalipoenea kila upande, kaya zikabaki kama visiwa. Humo husalia mbambakofi, uliowapa mafundi wetu mbao za milango. Msandarusi, ambao utomvu wake uliuzwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Na mjafari, ambao magome yake huchemshwa kutibu homa.

Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, hati peke yake haizuii shoka. Ardhi ya pwani ina bei kubwa, na msitu humegwa kidogo kidogo kwa ajili ya viwanja, mbao na mkaa.

Wako wanaouliza: Mwislamu ana haja gani na misitu ya matambiko? Jawabu ni kwamba kuulinda mti si kuuabudu. Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, wanaitunza Kaya Kinondo karibu na Diani hadi leo. Naye Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe.

Basi, ndugu anayetuma fedha kununua kiwanja Kwale au Kilifi na aulize kwanza mpaka wa kaya uko wapi, wala asikubali kuuziwa kipande chake. Na tunapowatembeza watoto Wood Lake, hifadhi iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 1971, tuwaeleze kuwa mababu wa pwani walihifadhi misitu karne nyingi kabla ya hapo. Wazazi wanaojua majina ya miti na kazi zake wayaandike mapema, kwani jina likisahauliwa, dawa nayo imepotea.

Wabillahi Tawfiq.