Jongoo Kwanza, Twiga Baadaye

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akifikishwa Haller Park, pale Bamburi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, usishangae akichuchumaa chini ya mvinje kumtazama jongoo huku twiga akipita nyuma yake. Baba atamnyanyua, atamgeuza uso, atamwita: "Twiga! Mwone twiga!" Mtoto atajinyonga mikononi mpaka ashushwe, arudi kwa jongoo wake. Wazazi wengi huona kiingilio kimepotea bure. Sisi tunaoshughulika na makuzi ya watoto wadogo tunaona mtoto huyo anafanya kazi yake sawasawa.

Twiga aliyetulia nyuma ya vichaka si rahisi kuonekana kama tunavyodhani. Mtu mzima humpata upesi kwa sababu anajua anachokitafuta: shingo, madoa, masikio yanayochezacheza. Mtoto hana bado umbo hilo kichwani, na uwezo wa macho yake unaendelea kukomaa kwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Kwake, twiga wa mbali na mti ulio mbele yake ni kitu kimoja chenye mabakabaka. Kinachomvuta ni kiumbe kilicho karibu, kinachosogea, tena kwa mwendo ambao jicho lake linaweza kuufuata. Jongoo ana sifa zote hizo, na hana haraka ya kwenda popote.

Na pale Haller Park jongoo si mpita njia. Eneo lile lilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe ya matumbawe lisilo na udongo. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo, na mivinje ikawa miongoni mwa michache iliyostahimili chumvi na jua. Tatizo likawa majani yake membamba: yalianguka, yakarundikana, hayakuoza. Wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna, na kinyesi chao kikaanza kufanya udongo. Kwa hiyo mtoto aliyechuchumaa pale anamtazama mmoja wa waliouotesha msitu ule. Mwache atazame, ila asimshike kisha akajifikicha macho, maana jongoo akitishwa hutoa majimaji yanayowasha.

Kinachofuata kwa kumfaa mtoto ni kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Watu wazima humjia mmoja wao kwa kisa chake: Mzee, aliyezoeana na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Mtoto wa miaka miwili hana habari ya tsunami. Anachokiona ni gamba linalomfika kifuani, kichwa kinachotoka na kuingia, na mdomo unaotafuna majani taratibu. Kobe hatoroki wala harukii mtu, na mtoto anaweza kumzunguka upande hadi upande.

Hapa lakini nitakuwa mkali kidogo. Kobe, kama mijusi na nyoka, wanaweza kubeba vimelea vya salmonela bila wao kuugua, na vimelea hivyo hukaa hata juu ya gamba linaloonekana safi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano akivipata anaweza kuharisha na kupata homa kali kuliko mtu mzima. Shauri langu ni kwamba umri huu atazame tu, kwa karibu atakavyo. Akiwahi kugusa, na atawahi, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya biskuti, kabla ya chuchu ya chupa, kabla ya kidole kurudi mdomoni. Dawa ya kupaka mikononi inasaidia njiani, lakini haiondoi tope. Chukua chupa ya maji ya kunawia na kipande cha sabuni. Ni mzigo mdogo kuliko siku tatu za kuharisha.

Wapo wanaoogopa kwamba mtoto atatishika. Mwaka 2013 Vanessa LoBue na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwaacha watoto wadogo chumbani wakiwa na midoli mizuri pamoja na wanyama hai waliofungiwa. Watoto walivutwa zaidi na wanyama, wakiwemo nyoka na buibui. Hofu nyingi mtoto huazima kwetu. Tangu anapokaribia mwaka mmoja, akikuta kitu kigeni hugeuka kwanza kuutazama uso wa mzazi. Shangazi akipiga ukelele mbele ya kioo cha chatu, somo limeshaingia. Asiyeweza kumtazama nyoka bila kuruka, na asiingie banda la nyoka na mtoto, amwachie mwingine. Mtoto mwenyewe akirudi nyuma na kukushika mguu, usimsukume mbele. Nenda wewe hatua mbili, zungumza kwa sauti ya kawaida, naye ataamua.

"Lakini hatakumbuka chochote," huniambia akina mama, na nauli ya matatu imepanda. Kweli, akiwa mtu mzima huenda asikumbuke hata kivuli cha siku hiyo. Faida iko kwenye lugha, nayo huanza siku hiyo hiyo. Mtoto hushika jina la kitu kwa urahisi zaidi pale mzazi anapokitaja kile ambacho yeye tayari anakitazama, kuliko anapoburutwa kutazama kingine. Akimtazama jongoo, sema jongoo, sema miguu, sema anatambaa. Akimwita pundamilia mbwa, usicheke wala usimsahihishe kwa ukali. Katika umri huu "mbwa" hubeba kila chenye miguu minne. Mjibu tu: "Ndiyo, ana miguu minne. Huyu pundamilia, ana mistari."

Kuhusu saa, fika geti linapofunguliwa. Jua la Mombasa bado lina huruma, na wanyama wengi bado wanajongea. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, na hatabadili ratiba kwa ajili ya mgeni. Mtoto naye ana usingizi wake: Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Mvunjie ule wa mchana, na jioni mtalia wote wawili. Ndizi na njugu zikae ndani ya mfuko uliofungwa, maana tumbili humchagua mtoto mdogo mwenye kitu mkononi.

Wa Nairobi wana kitalu cha tembo yatima cha Sheldrick, ambacho nakipendea ufupi wake: ziara ya kawaida ya asubuhi ni ya saa moja tu, na ndama wananyonya chupa, jambo ambalo mtoto analijua barabara. Agiza nafasi mapema. Kule Giraffe Centre, Lang'ata, jukwaa humleta twiga uso kwa uso, na ulimi mweusi wa karibu sentimita 45 umewaliza wengi. Mzazi alishe kwanza.

Tukirudi Haller Park, penye kaka au dada wa miaka saba, wagawane watu wazima tangu getini. Mkubwa aende na baba kwa mamba na chatu, mdogo abaki na bibi kwenye kobe, na mama azunguke anakotaka.