Sudan Kusini: Kwa nini tarehe ya kura ya uhuru haikuahirishwa, na kwa nini uchaguzi unaahirishwa?

Gudele ni miongoni mwa mitaa mikubwa ya jiji la Juba, upande wa magharibi. Mtaa huo ulipanuka kwa kasi baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, pale watu waliokuwa wamekimbia vita walipoanza kurejea kutoka Khartoum, Uganda, Kenya na kwingineko, wakatafuta viwanja na kujenga. Mnamo Januari 2011, wakazi wake walipanga foleni pamoja na mamilioni ya wenzao kuamua iwapo Sudan ya Kusini ibaki ndani ya Sudan au ijitenge.

Kura hiyo ilianza siku ileile iliyokuwa imepangwa, tarehe 9 Januari. Kwa anayetazama nyuma, jambo hilo huonekana kuwa la kawaida. Ukweli ni kwamba hadi miezi michache kabla ya hapo, wanasiasa, wanasheria na wanadiplomasia walikuwa wakizozana iwapo kura ifanyike, lini, na nani awe na haki ya kuipiga.

Mzozo huo una maana hata leo. Tangu nchi hiyo ipate uhuru, wananchi wake hawajawahi kuchagua rais wala wabunge, na kila uchaguzi uliopangwa umeahirishwa. Makala haya yanaeleza jinsi tarehe moja ilivyonusurika na kwa nini nyingine hazikunusurika.

Ahadi ya kura ilitoka wapi?

Madai ya watu wa kusini yana umri mkubwa kuliko mkataba wa 2005. Sudan ilipojitawala tarehe 1 Januari 1956, wanajeshi wa kusini walikuwa tayari wameasi huko Torit miezi michache kabla, mnamo Agosti 1955. Vita vya kwanza vilikoma kwa Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972, uliowapa watu wa kusini serikali yao ya ndani. Mwaka 1983, Rais Jaafar Nimeiry aliuvunja mpango huo kwa kuigawa kusini katika majimbo matatu, na vita vikaanza upya.

Viongozi wa kusini walijifunza kutokana na hilo kwamba mkataba usio na tarehe wala mwamuzi unaweza kufutwa kwa amri ya mtu mmoja. Kwa hiyo, katika mazungumzo yaliyosimamiwa na jumuiya ya IGAD, msuluhishi wake mkuu akiwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, walisisitiza mambo mawili: haki ya kuamua hatima yao kwa kura, na muda maalumu wa kuipiga.

Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002 ilikubali yote mawili. Kungekuwa na kipindi cha mpito cha miaka sita, na mwishoni mwake kura ya maoni. Mkataba kamili ulitiwa saini jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, kati ya serikali ya Sudan na kundi la SPLM lililoongozwa na John Garang. Kura ilitakiwa kufanyika miezi sita kabla ya kipindi cha mpito kumalizika, yaani Januari 2011.

Kwa nini wengine walitaka kura isifanyike, au icheleweshwe?

Mkataba wenyewe ulikuwa na pande mbili. Uliwapa watu wa kusini haki ya kujitenga, lakini pia uliwataka wakubwa wa pande zote mbili kufanya kazi ili umoja uvutie. Garang mwenyewe alikuwa akihubiri Sudan mpya iliyo moja, inayowatendea raia wote kwa usawa. Alifariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mrithi wake, Salva Kiir, alikuwa karibu zaidi na wale waliotaka nchi yao wenyewe.

Upande wa Khartoum, chama tawala cha NCP cha Rais Omar al-Bashir kilisema hadharani kwamba kitaheshimu kura. Hata hivyo, baadhi ya viongozi wake walitaka mambo fulani yatatuliwe kwanza: kuchorwa kwa mpaka kati ya kaskazini na kusini, uraia wa watu wa kusini waliokuwa wakiishi kaskazini, deni la nje, na mgawanyo wa mafuta. Hoja hizo hazikuwa za kupuuzwa. Takriban robo tatu ya mafuta ya Sudan yalikuwa yakichimbwa kusini, ilhali mabomba na bandari ya kuyasafirishia vilikuwa kaskazini.

SPLM ilijibu kwamba masuala hayo yanaweza kujadiliwa baada ya kura, na kwamba kuyafanya kuwa sharti ni njia ya kuifuta kura bila kutamka hivyo. Kwa watu waliokumbuka mwaka 1983, kuahirisha na kufuta vilikuwa kitu kimoja.

Sheria ilizozaniwa vipi?

Sheria ya kura ya maoni ilipitishwa na bunge la Khartoum mwezi Desemba 2009, ikiwa umebaki takriban mwaka mmoja tu. Kulikuwa na mabishano mawili makubwa.

La kwanza lilihusu kiwango. NCP ilitaka kizingiti cha juu cha kuruhusu kujitenga. Mwishowe pande zilikubaliana kwamba wingi wa kawaida, yaani asilimia 50 na kura moja, ungetosha, ila ni lazima asilimia 60 ya waliojiandikisha wawe wamepiga kura.

La pili lilihusu wapiga kura. Je, Msudani wa kusini aliyeishi Khartoum kwa miongo kadhaa ajiandikishe hukohuko au arudi kusini? SPLM ilihofu kwamba majina mengi yakiandikwa kaskazini, halafu wenye majina hayo wasijitokeze au wazuiwe, kile kizingiti cha asilimia 60 kisingefikiwa. Kifungu kilichohusu suala hilo kilipoondolewa, wabunge wa SPLM walitoka nje ya bunge. Siku chache baadaye kilirejeshwa, na sheria ikapigiwa kura upya.

Hata baada ya sheria kupita, saa iliendelea kuhesabu. Tume ya kura, chini ya mwanasheria mkongwe Mohamed Ibrahim Khalil, iliundwa katikati ya mwaka 2010. Nafasi ya katibu mkuu wake ikazozaniwa kwa wiki kadhaa. Sheria ilitaka daftari la mwisho liwe tayari miezi mitatu kabla ya kura, lakini uandikishaji ulianza tarehe 15 Novemba na kukamilika tarehe 8 Desemba. Mbele ya Mahakama ya Katiba jijini Khartoum, zilifikishwa kesi za kutaka mchakato mzima usimamishwe kwa sababu muda wa kisheria haukufuatwa.

Nini kiliiokoa tarehe ya 9 Januari?

Kwanza, tarehe ilikuwa imeandikwa ndani ya mkataba na katika katiba ya mpito. Kuisogeza kulihitaji ridhaa ya pande zote mbili, na upande mmoja haukuwa na sababu yoyote ya kuridhia.

Pili, mashahidi wa mkataba waliangalia kwa karibu. Mnamo Septemba 2010, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliunda jopo la watu watatu la kufuatilia kura, likiongozwa na Rais mstaafu wa Tanzania, Benjamin Mkapa. Jopo la Umoja wa Afrika chini ya Thabo Mbeki lilikuwa likisuluhisha masuala ya baada ya kura. Mwezi huohuo, kikao maalumu cha viongozi jijini New York, kilichohudhuriwa na Rais Barack Obama wa Marekani, kilisisitiza kwamba kura ifanyike kwa wakati.

Tatu, na pengine muhimu zaidi, wenyewe walioshika madaraka Juba walitaka kura ipigwe, kwa kuwa walijua wangeshinda. Tarehe 4 Januari 2011, Bashir alifika Juba na kusema atakubali matokeo yoyote.

Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili ili hata asiyejua kusoma achague: mikono miwili iliyoshikana kwa ajili ya umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa kwa ajili ya kujitenga. Matokeo yaliyotangazwa tarehe 7 Februari yalionyesha kuwa asilimia 98.83 ya waliopiga kura walichagua kujitenga. Uhuru ulitangazwa tarehe 9 Julai 2011.

Kura ambayo haikufanyika: Abyei

Siku ileile ya 9 Januari, wakazi wa Abyei, eneo lenye mafuta na malisho kwenye mpaka, walitakiwa kupiga kura yao ya kuamua wawe upande gani. Haikufanyika.

Kilichoikwamisha ni swali la nani ni mkazi. Khartoum ilitaka wafugaji wa Kimisiriya, wanaoingia Abyei na ng'ombe wao kila kiangazi, wahesabiwe. Juba ilisema haki hiyo ni ya Wadinka wa Ngok na wakazi wengine wa kudumu tu. Kwa kuwa idadi ya wapiga kura ndiyo ingeamua mshindi, hakuna aliyekubali kulegeza. Mwezi Mei 2011 jeshi la Sudan liliuteka mji wa Abyei, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kikapelekwa. Mnamo Oktoba 2013, Wadinka wa Ngok waliendesha kura yao wenyewe na karibu wote wakachagua Sudan Kusini, lakini kura hiyo haikutambuliwa na Khartoum, na Umoja wa Afrika uliilaani.

Abyei haiko peke yake. Sahara Magharibi iliahidiwa kura chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1991, na hadi leo haijapigwa, sababu kubwa ya mwanzo ikiwa ubishi kuhusu orodha ya wapiga kura. Scotland ilipiga kura mwaka 2014 kwa sababu serikali ya London iliridhia. Ilipotaka nyingine, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Novemba 2022 kwamba bunge la Scotland halina mamlaka ya kuiitisha peke yake.

Je, ilikuwa haraka mno?

Baadhi ya wachambuzi husema Sudan Kusini ilizaliwa kabla ya kuwa tayari. Ni kweli kwamba mpaka, mafuta na Abyei viliachwa bila ufumbuzi. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji wa mafuta, na Aprili majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana huko Heglig, ambako Juba hukuita Panthou.

Lakini vita vilivyoiumiza zaidi nchi hiyo havikutokana na mpaka. Vilianza Juba kwenyewe, Desemba 2013, kutokana na mgogoro wa uongozi ndani ya SPLM kati ya Rais Kiir na Riek Machar. Gudele ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba kati ya wanaume 200 na 300, wengi wao Wanuer, waliuawa wakiwa wamefungiwa katika jengo la polisi mtaani humo. Kuchelewesha kura ya mwaka 2011 kusingeondoa mgogoro huo. Kilichokosekana ni njia ya amani ya kubadilishana madaraka, nayo ndiyo kazi ya uchaguzi.

Kwa nini tarehe za sasa hazishiki?

Uchaguzi wa mwaka 2015 ulifutwa kwa sababu ya vita, na bunge likaongeza muda wa rais, kisha likauongeza tena mwaka 2018. Mkataba mpya wa amani wa Septemba 2018 uliahidi uchaguzi mwishoni mwa mpito. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba 2024, na mwezi Septemba 2024 ikasogezwa tena hadi Desemba 2026.

Sababu zinazotolewa zinafanana sana na zile za mwaka 2010: sensa ya mwisho ni ya mwaka 2008, katiba ya kudumu haijakamilika, mamilioni ya watu ni wakimbizi au wamehama makwao, na haijaamuliwa wapigie kura wapi.

Tofauti iko kwa anayenufaika. Mwaka 2011, waliokuwa madarakani Juba walipata nchi kwa kura kufanyika. Leo, wanaoamua tarehe ndio wanaobaki ofisini kila inapoahirishwa, na hakuna upande wenye nguvu unaoweza kukataa ridhaa yake kama SPLM ilivyofanya zamani.

Kijana wa Gudele aliyekuwa na umri wa miaka 17 wakati wa kura ya uhuru sasa ni mtu mzima aliyevuka miaka 30. Hakuruhusiwa kupiga kura ile, na tangu siku hiyo hajaitwa kupiga kura nyingine.