Pesa ya Korona: Mkulima wa Ndithini Alipata Nini?

Kuna swali ambalo bado tunaulizwa huku Ndithini, hasa siku ya soko: ile pesa ya korona ya wakulima ilikwenda wapi? Mama mmoja alituambia alingoja simu yake ilie mwaka mzima. Haikulia. Tumeona afadhali tueleze vile mambo yalipangwa.

Ugonjwa ulifika Kenya Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Tarehe 6 Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, pamoja na upande wetu wa Athi River, mpaka Julai. Malori ya chakula yalipita, lakini mtu hakupita. Sasa yule anayebeba gunia lake moja la ndengu, hana lori, angefanyaje? Na kijana aliyekuwa akituma pesa kutoka Nairobi, yeye mwenyewe kazi ilikuwa imeisha.

Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Ndani yake mlikuwa na bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000. Hapo ndipo wengi walisikia vibaya. Haikuwa pesa ya kutumwa mkononi. Ilikuwa vocha: mkulima anaandikishwa kwa kitambulisho na namba ya simu, kisha anaenda kwa duka la pembejeo lililokubaliwa, anachukua mbegu au mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Huwezi kuigeuza iwe unga au karo.

Tufanye hesabu kidogo. Bilioni 3 ukigawia watu 200,000 ni 15,000 kila mmoja, tena kabla ya gharama za kuendesha mpango. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 6 zinazolima. Kwa hivyo zilizolengwa ni kaya 3 hivi katika kila 100. Yule mama pengine hakuibiwa na mtu. Hakuwa kwa hesabu tangu mwanzo. Wakuzaji wa maua na mboga za kuuzwa ng'ambo walitengewa bilioni 1.5 yao, na hao si wengi huku kwetu. Mgao huo, tusema ukweli, ulituuma.

Pesa taslimu ilikuwako, lakini kwa mlango mwingine. Machi 2020 ilitangazwa nyongeza ya bilioni 10 kwa wazee, yatima na wasiojiweza. Inua Jamii hulipa 2,000 kwa mwezi, na wazee ni wa miaka 70 kwenda juu. Nyanya aliyekuwa kwa orodha hiyo aliweza kununua mbegu ya kunde bila kuuliza mtu ruhusa.

Orodha ndiyo mambo yote. Mwaka 2023 serikali iliandikisha wakulima kupitia kwa machifu, na mbolea ya ruzuku, ambayo Agosti mwaka huo ilishuka hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, ikawa inakuja kwa ujumbe wa simu. Ukiandikisha laini ya kijana aliye Nairobi, ujumbe utaingia huko huko Nairobi. Kama namba yako imebadilika, nenda kwa chifu au afisa wa kilimo na kitambulisho chako airekebishe kabla ya mvua ya Oktoba.