Mpe Ukuta Siku Zake Kabla ya Rangi

Mwaka jana niliitwa Kigamboni kutazama nyumba ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu ipakwe rangi. Kwa mbali ilipendeza. Nilipousogelea ukuta wa upande wa bahari nikakuta malengelenge, mengine madogo kama punje za choroko, mengine mapana kama kiganja. Nilitoboa moja kwa ncha ya kisu, yakatoka maji. Nikabandua gamba la rangi, na mgongoni mwake nikaona unga mweupe, laini kama sembe.

Mwenye nyumba, mama aliyejenga kwa mafao yake ya kustaafu, aliniuliza, "Mwanangu, niliuziwa rangi feki?"

Nikamuuliza lipu ilikamilika lini na rangi ilianza lini. Akahesabu kwa vidole. Harusi ya binti yake ilikuwa imekaribia, kwa hiyo siku ya tisa baada ya fundi lipu kuondoka, fundi rangi alikuwa tayari juu ya jukwaa.

"Mama," nikamwambia, "rangi ni nzima. Ukuta ndio ulikuwa haujawa tayari."

Jibu hilo nimelitoa kwenye nyumba nyingi. Ndiyo maana leo nataka tuuelewe ukuta mpya wa nje kwa undani, kabla hatujauliza rangi ipi ni nzuri.

Kukomaa na kukauka

Wengi hudhani saruji hukauka kama nguo iliyoanikwa. Sivyo. Saruji hugeuka jiwe kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Lipu ikinyimwa maji siku za mwanzo, hasa katika jua la Dar es Salaam au Dodoma, uso wake hubaki dhaifu. Ukiupitishia kiganja unatoka na vumbi, na baada ya muda unajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kwa hiyo, kuanzia siku inayofuata baada ya kupiga lipu, imwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 mfululizo.

Baada ya hapo acha kumwagilia, uiache lipu ikauke. Kanuni ya kawaida ni siku 28 tangu lipu ipigwe, hali ya hewa ikiwa kavu. Wakati wa masika, au kwenye ukuta uliojificha kivulini ambako upepo haupiti, ongeza wiki nyingine mbili au zaidi. Kumbuka kwamba unyevu haumo kwenye lipu peke yake. Tofali za saruji zilizonyeshewa mvua kabla ya nyumba kuezekwa nazo zimebeba maji yanayotafuta pa kutokea.

Kuna kipimo rahisi kisicho na gharama. Kata kipande cha nailoni angavu, upana na urefu sentimita 45. Kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ndani ya nailoni, au lipu iliyofunikwa imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, subiri. Rudia kipimo pande zote za nyumba, maana ukuta wa jua na ukuta wa kivuli haukauki pamoja. Usisahau sehemu ya chini karibu na msingi, kwani hapo ndipo unyevu hukawia zaidi.

Ukali wa saruji

Adui wa pili haonekani kwa macho. Saruji mbichi ni kali, na fundi yeyote aliyewahi kuishika bila glovu anajua inavyochuna vidole. Kwa kipimo cha pH, ambamo maji safi yana 7, lipu mpya husoma kati ya 12 na 13. Kila hatua moja katika kipimo hicho ni ongezeko la mara 10, hivyo ukuta wenye 12 ni mkali mara 1,000 kuliko wenye 9. Ukali huo hupungua polepole kadiri hewa inavyoingia kwenye lipu.

Ukitaka kujua ukali huo unafanya nini, mkumbuke mama wa mtaani anayetengeneza sabuni. Huchukua mafuta ya nazi au ya mawese, akachanganya na kostiki, na mafuta yakageuka sabuni. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya lipu mbichi yenye unyevu, jambo lilelile hutokea ukutani: mafuta yaliyomo kwenye rangi hukutana na ukali wa saruji, yakaanza kugeuka sabuni. Rangi inakuwa laini, inanata, kisha inabanduka. Hakuna idadi ya mikono ya rangi itakayoponya hali hiyo. Itabidi kukwangua yote na kuanza upya.

Kwa sababu hiyo, kuta za nje zilizopigwa lipu ya saruji zinataka rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, hasa ya akriliki. Rangi hizo hustahimili ukali wa saruji vizuri zaidi na huruhusu mvuke wa ndani utoke kidogo kidogo. Rangi ya mafuta ibakie kwenye milango, fremu na mageti.

Ule unga mweupe wa Kigamboni nao una asili yake. Maji yanapotoka ndani ya ukuta huja na chumvi zilizoyeyuka. Maji yakikauka, chumvi hubaki usoni. Mchanga wa baharini ambao haukuoshwa huzidisha tatizo hili, kwa sababu chumvi yake huendelea kuvuta unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Ukiona unga huo kabla ya kupaka rangi, usiuoshe kwa maji, kwani utayeyuka na kurudi ndani. Usugue kwa brashi kavu, subiri siku chache, usugue tena mpaka usirudi. Ukiendelea kurudi, tafuta maji yanaingilia wapi.

Matayarisho

Siku zikitimia na nailoni ikiamka kavu, kazi huanza kwa kukagua. Zunguka nyumba ukigongagonga lipu kwa kipini cha bisibisi. Panapolia kama debe tupu, lipu haijashika tofali, nayo ibomolewe na kupigwa upya. Nyufa nyembamba zipanuliwe kwa ncha ya mwiko, zifutwe vumbi, zilowanishwe kidogo na kuzibwa kwa puti ya nje yenye saruji. Kila sehemu iliyopigwa upya nayo ipewe siku zake.

Hapa nawasihi mafundi wenzangu: jipsamu ni ya ndani. Ikipigwa nje hunyonya maji ya mvua, ikalainika na kuanguka pamoja na rangi yote iliyo juu yake.

Kisha piga msasa kuondoa punje za mchanga zilizolegea, na ufute vumbi lote kwa brashi. Jaribu kwa selotepu: ibandike ukutani, uivute kwa ghafla. Ikitoka na mchanga mwingi, rangi nayo itabandukia hapohapo.

Baada ya hapo ni praima inayostahimili ukali wa saruji. Najua wengi huona praima ni gharama ya ziada, badala yake wakapaka rangi nyeupe ya bei ya chini iliyozimuliwa kwa maji mengi. Rangi hiyo ina gundi kidogo na chokaa nyingi, kwa hiyo hubaki kama unga, na rangi ya bei kubwa inayokuja juu yake inakuwa imeshikilia unga. Praima huzama ndani ya lipu, hufunga vinyweleo vyake na kuifanya inyonye rangi kwa usawa pande zote.

Kupaka

Rangi huuzwa kwa lita, ukuta hupimwa kwa mita za mraba. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Mzunguko wake ni mita 44, na kuta za kimo cha mita 3 zinatoa mita za mraba 132. Ondoa milango na madirisha, tuseme 12, zinabaki 120. Kwenye lipu ya kawaida lita moja hupaka karibu mita za mraba 8, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 15 na mikono miwili ni lita 30. Ndoo moja ya lita 20 haitoshi. Fundi anayekuahidi kuimaliza nyumba hiyo kwa ndoo moja ataongeza maji, na rangi iliyozidishwa maji haivuki masika mawili. Soma maelezo ya kopo, uzimue kwa kiasi kilichoandikwa.

Kimbia jua. Ukuta wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki upakwe alasiri, maana rangi ikipakwa kwenye ukuta wa moto hukauka juu kabla haijashika chini. Anza juu ukishuka, na usiache kazi katikati ya ukuta. Malizia konani ili kiungio kisionekane. Mkono wa kwanza ukauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya wa pili. Wingu la mvua likitanda, au jioni umande ukikaribia, funga ndoo.

Neno kwa wenye nyumba za kale, za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huishi kwa kupumua. Msizipige lipu ya saruji wala kuzivika rangi ya plastiki, kwani unyevu hufungiwa ndani na kuuozesha ukuta kutoka kiini. Lipu yao ni ya chokaa, na rangi yao ni ya chokaa.

Yule mama wa Kigamboni alikwangua ukuta wote, akausubiri kiangazi kizima, kisha akapaka upya. Alilipia rangi mara mbili na ufundi mara mbili. Wewe unayejenga sasa, andika tarehe ya lipu kwa penseli kwenye fremu ya mlango, uhesabu siku 28, ndipo umpigie simu fundi rangi. Siku hizo hazina bei, na hakuna duka linaloziuza.