Usimwage vumbi lako bure: Maswali 5 ya kuuliza kabla ya kutengeneza kadi mpya ya Hearthstone

Seti mpya ikitoka, simu haipumziki. Kundi la WhatsApp lina meseji mia mbili kabla hujapiga mswaki. Video ya kadi imetiwa muziki wa vita, na kuna jamaa wa YouTube anapiga kelele utadhani ameona pepo. Wewe uko zako Makutano, Meru, ama Dallas pale Embu, bando limebaki nusu, na kwenye akaunti yako kuna vumbi 1600. Hiyo ni kadi moja tu. Unaitengeneza ama unaiacha?

Jamaa mmoja wa Embu ninayecheza naye huniuliza hivyo kila msimu: "Msee, hii nitengeneze?" Huwa simjibu ndiyo wala la. Namrushia maswali matano. Leo nakupa na wewe, ndio usingoje mtu wa YouTube akuamulie.

Kama hujawahi kuicheza, hii hapa kwa ufupi. Hearthstone ni mchezo wa kadi wa kampuni ya Blizzard. Ulitoka rasmi Machi 2014 na ukaingia kwenye simu Aprili 2015. Unapanga deki ya kadi 30. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, hivyo hivyo hadi 10, na kila kadi ina bei yake ya mana. Wapiganaji wana namba mbili: nguvu ya kushambulia na uhai. Mwenye kumaliza uhai 30 wa mwenzake ndiye mshindi.

Kadi unapata kwa pakiti, au unazitengeneza kwa vumbi. Na hapo kwa vumbi ndipo maumivu huanzia.

Vumbi 1600 ni jasho

Kadi ya daraja la juu kabisa, lejendari, hutengenezwa kwa vumbi 1600. Ukiivunja baadaye unarudishiwa 400 tu. Robo! Kadi ya kawaida ukiivunja inakupa 5, ile ya daraja linalofuata inakupa 20. Pakiti mbaya kabisa ina kadi nne za kawaida na moja ya daraja la pili, yaani vumbi 40. Kwa hivyo lejendari moja ni sawa na pakiti 40 mbaya, na pakiti moja ni dhahabu 100. Piga hesabu: dhahabu 4,000. Ni jioni nyingi sana za kucheza baada ya kazi ama baada ya lekcha pale Nchiru.

Kuna njia ya mkato, kulipa pesa. Tangu M-Pesa GlobalPay izinduliwe Juni 2022, hata asiye na akaunti ya benki anaweza kulipia vitu vya ng'ambo kwa simu. Ni rahisi kupindukia. Vidole vitatu na doo ya rent imegeuka picha ya dragoni. Ndio maana nasema hili si jambo la watoto. Kama una pesa ya kumwaga, poa, tengeneza zote. Mimi naongea na wewe ambaye ukikosea leo, msimu mzima unacheza na deki ileile.

Hapa Meru tuna Njuri Ncheke. Wazee wale hawatoi uamuzi kwa sababu mtu amepiga kelele zaidi. Wanasikiliza pande zote kwanza. Basi kadi yako mpya nayo iketishwe chini iulizwe.

Swali la 1: Kadi ya kawaida ya bei hiyo inafanya nini?

Usianze na maandishi marefu ya kadi. Anza na namba. Enzi zile kulikuwa na kadi ya bure iitwayo War Golem: mana 7, nguvu 7, uhai 7, basi. Haikuwa na ufundi wowote, na karibu hakuna aliyeicheza. Lakini ilikuwa kipimo kizuri. Kadi yoyote ya mana 7 ilifaa kuulizwa: wewe unamshinda War Golem kwa nini?

Desemba 2014 ikatoka seti ya Goblins vs Gnomes ikiwa, miongoni mwa nyingine, na lejendari hizi mbili za mana 7. Ya kwanza ni Troggzor: nguvu 6, uhai 6, na kila mpinzani akitumia kadi ya uchawi, wewe unapata mpiganaji wa ziada wa nguvu 3 na uhai 5. Ya pili ni Dr. Boom: nguvu 7, uhai 7, na akiingia anakuja na roboti wawili wa 1 kwa 1 ambao wakifa wanalipuka na kumuumiza adui kati ya 1 na 4.

Kabla ya seti kutoka, sifa nyingi zilimwendea Troggzor. Soma tena uone kwa nini: maandishi yake yanatisha. Lakini kwa kipimo cha War Golem, Troggzor anaanza akiwa amepungukiwa namba moja kila upande, halafu anaahidi kulipa baadaye. Dr. Boom ni War Golem kamili na nyongeza juu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Swali la 2: Nani anaamua kama itafanya kazi?

Hili ndilo swali lililommaliza Troggzor. Ili akulipe, lazima mpinzani atumie uchawi. Sasa mpinzani ana macho. Anakuona umeweka Troggzor, anaweka uchawi wake kando, anamuua kwa wapiganaji wake walioko mezani, kisha anaendelea na maisha. Umelipa mana 7 kwa mpiganaji mdogo kuliko yule wa bure.

Dr. Boom hakuomba ruhusa ya mtu. Ukimweka tu, roboti wako mezani tayari. Hata mpinzani akimuua Dr. Boom papo hapo, roboti wamebaki. Ndiyo sababu kadi hiyo ilijaa kwenye deki za kila aina hadi Aprili 2016, Blizzard ilipoanzisha mfumo wa Standard na seti ile ikaondolewa kwenye mashindano ya kawaida.

Kwa hivyo ukisoma kadi mpya, tafuta maneno "mpinzani akifanya hivi". Ukiyaona, jiulize: na asipofanya?

Swali la 3: Ukiwa umelemewa, inakusaidia?

Kadi nyingi hung'aa ukiwa unashinda. Lakini ukiwa unashinda, hata kadi mbovu inatosha. Pima kadi ukiwa kwenye shida.

Fikiria kadi zetu za mtaani, ile tunaita poka ama kadi tu, unayocheza pale stendi ukingoja matatu ya Chuka ijae. Kwa nini tunapenda A? Ukilishwa mbili ama tatu, A inazuia. Usipolishwa, A inakupa nafasi ya kuitisha ua unalotaka. Ni kadi isiyokufa mkononi. Joka nayo inatisha, mwenzako anaokota tano, na akiwa amesema "niko kadi" unamrudisha shule. Lakini kwa sheria ambazo wengi wetu tunacheza, huwezi kumaliza nayo. Kuna watu wameshikwa na joka mkononi wakiringa, jirani akamaliza na saba ya kopa.

Basi tazama kadi mpya ya Hearthstone kwa jicho hilo. Meza ya mpinzani ina wapiganaji watatu, yako haina mtu, uhai wako ni 9. Umeokota hiyo kadi. Umefurahi ama umekunja uso?

Swali la 4: Inahitaji msaada wa nani?

Rudi kwenye kadi za mtaani. Malkia ni swali, lazima lijibiwe. Ukiwa na malkia bila jibu, unaokota. Malkia hana tatizo. Tatizo ni kuwa peke yake hatoshi.

Kadi za simu ziko hivyo pia. Nyingine zinahitaji nyenzake wawili watatu ndio ziwake. Hesabu hao nyenzake unao wangapi kwenye akaunti yako. Kama lejendari mpya inataka lejendari nyingine mbili, bei yake si vumbi 1600, ni 4800. Hapo jamaa yangu wa Embu huwa anatulia kidogo.

Lakini chunga usipitilize. Kuna msaada unaojileta wenyewe. Desemba 2017 ilitoka kadi inaitwa Corridor Creeper, mana 7, nguvu 5, uhai 5. Iko mkononi, kila mpiganaji akifa bei yake inapungua kwa 1. Wengi waliisoma wakaona mana 7 kwa 5 kwa 5, wakaipuuza. Lakini wapiganaji wanakufa kila zamu, wako na wa mpinzani, na wote wanahesabiwa. Hakuna ulichohitaji kufanya zaidi ya kucheza kawaida, na mara kadi imekuwa ya bure. Ilienea hadi Februari 2018 Blizzard ikaipunguza makali, nguvu ikashuka kutoka 5 hadi 2.

Tofauti ni hiyo: Troggzor alingoja kitu ambacho mpinzani angeweza kukataa kufanya. Creeper ilingoja kitu ambacho hakuna awezaye kukizuia.

Swali la 5: Utaiona mara ngapi, na inamtoa nani?

Hesabu hii haihitaji digrii, na anayekufundisha aliacha chuo. Lejendari inaingia moja tu kwenye deki ya kadi 30. Ukianza wewe, unapewa kadi tatu, kisha unaokota moja kila zamu. Kufikia zamu ya 7 umeona kadi 10. Kumi kwa thelathini ni theluthi moja. Ukiacha zile unazobadilisha mwanzoni, lejendari yako ya mana 7 itakuwa mkononi kwa wakati mara moja katika kila michezo mitatu. Michezo miwili iliyobaki, vumbi lako 1600 limelala ndani ya deki.

Linganisha na Marvel Snap, mchezo uliotoka Oktoba 2022 chini ya Ben Brode, aliyekuwa mkurugenzi wa Hearthstone. Kule deki ni kadi 12, zamu sita. Unaanza na tatu na kuokota moja kila zamu, kwa hivyo mwisho umeona tisa kati ya 12, robo tatu. Kadi moja kule ina uzito zaidi kwa sababu utakutana nayo. Ndiyo maana ushauri wa mchezo mmoja haubebwi mzimamzima hadi mwingine.

Halafu kuna kiti. Deki imejaa, 30 ni 30. Ili huyu aingie, mmoja atoke. Mtaje kwa jina. Ukishindwa kumtaja, ama ukigundua anayetoka ndiye amekuwa akikuokoa kila siku, jibu umelipata.

Angalia na tarehe pia. Kwenye Standard, kadi iliyotoka mwanzoni mwa mwaka wa mchezo hukaa karibu miaka miwili. Ile ya mwishoni mwa mwaka huondoka pamoja nayo, yaani miezi kama 16. Bei ni ileile, maisha ni mafupi.

Ngoja wiki moja

Mkulima wa macadamia wa Embu ama Meru anajua: ukivuna changa utauza, lakini mafuta hayajajaa na bei itakuonyesha. Wiki ya kwanza ya seti mpya ni macadamia changa. Kila mtu anajaribu, hakuna deki imekaa sawa, na kadi inaweza kushinda kwa sababu tu watu hawajaizoea. Baada ya siku saba tovuti kama HSReplay zinakuwa na takwimu za michezo mingi. Usitazame tu kama deki yenye kadi hiyo inashinda. Tazama inashinda mara ngapi kadi hiyo ikiokotwa. Kuna kadi zinabebwa na wenzao.

Hofu utakayosikia ni hii: "Ukingoja wataipunguza makali kabla hujaifurahia." Sawa, lakini kadi ikipunguzwa makali, Blizzard hukupa muda wa kuivunja na kurudishiwa vumbi lote. Kadi mbovu ambayo haikuwahi kuguswa na mtu, hiyo utarudishiwa robo. Kwa hivyo aliyetengeneza Creeper alirudishiwa. Aliyemkimbilia Troggzor alibaki na picha.

Juzi jamaa wangu wa Embu alinitumia picha ya kadi mpya tena, ile saa ya usiku ya kutumia bando la bei rahisi. Chini yake ameandika: "Swali la pili inapita, la nne linanisumbua, nyenzake mmoja sina." Nikamuuliza inamtoa nani. Bado hajanijibu.