Ua na Kivuli cha Kitalu Mahali pa Jua Kali na Upepo

Katika sehemu za kati za Tanzania, kama vile Dodoma na Singida, mvua hukoma aghalabu mwezi wa Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo huja miezi mirefu ya ukavu, na pamoja nao upepo wa mashariki na wa kusini-mashariki, unaovuma mchana kutwa na kuinua vumbi. Mkulima anayetaka nyanya au kabichi za kiangazi hana budi kuotesha miche yake wakati huo huo ulio mbaya. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki 4 au 5. Mbegu imenunuliwa kwa fedha, maji yamebebwa kichwani kutoka kisimani, na mchana mmoja wa upepo mkali waweza kumaliza kazi yote.

Wakulima wengi hujenga ua na kivuli, lakini hujenga kama watu wanaozuia mbuzi tu. Kuzuia mbuzi ni kazi moja. Kupunguza upepo ni kazi nyingine, na yataka ujenzi wa namna nyingine.

Upepo mkavu hunyonya maji katika majani upesi kuliko mizizi michanga inavyoweza kuyaleta. Ndiyo maana mche hunyauka saa 8 mchana ingawa udongo wake umelowa. Mkulima akiona hivyo huongeza maji, kisha tena huongeza, mpaka shina linaoza chini kwa ugonjwa wa kinyausi. Shida ilikuwa upepo, wala si upungufu wa maji. Tena mchanga unaopeperushwa hukwaruza majani, na mche unaotikiswa kutwa hukatika mizizi myembamba.

Ua usiwe ukuta

Hili ndilo jambo kubwa katika kurasa hizi. Ua wa kupunguza upepo upitishe upepo kidogo. Usiuzibe kabisa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilizungushia kitalu cha kabichi mabati ya zamani, nikijisifu kwamba hata paka hapiti. Miche iliyokuwa karibu sana na bati ilipona. Ile ya katikati ya kitalu ililala chini yote, kana kwamba imekanyagwa. Upepo ukigonga kitu kilichozibwa hupanda juu yake, kisha huanguka nyuma kwa nguvu na kuzunguka, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe kubwa. Lakini maji yakipita katikati ya matete hupungua mwendo tu, wala hayazunguki. Ua mzuri ufanane na matete.

Kipimo chenyewe ni karibu nusu kwa nusu: nusu imezibwa, nusu wazi. Ukijenga kwa mabua ya mtama au kwa fito, acha nafasi ya upana wa ufito mmoja kati ya ufito na ufito. Ukimaliza, simama nyuma ya ua hatua tatu au nne wakati upepo unavuma, udondoshe konzi ya majivu. Majivu yakirudi kuelekea ua, umeziba mno. Ondoa mabua kadhaa. Yakikimbia moja kwa moja kama mahali pasipo ua, ongeza.

Ua wa namna hii hutuliza upepo vizuri kwa umbali wa kama mara 10 ya kimo chake. Ua wa mita 1.8, ambao ni kama futi 6, utalinda mita 18 hivi nyuma yake. Mbele ya hapo nafuu hupungua pole pole. Kwa hiyo si lazima kuzungushia upande wote ua mrefu. Jenga ua mrefu upande wa upepo, na pande nyingine weka wa kutosha kuzuia kuku na mbuzi. Ili kujua upepo unatoka wapi hasa, funga kitambaa juu ya mti siku chache ukitazame mchana, maana kilima au bonde huweza kuupinda. Ua upite ncha za kitalu mita chache kila upande, kwa sababu upepo huzunguka pembeni. Mlango usiwekwe upande wa upepo. Pengo moja katika ua hupitisha upepo kwa kasi kuliko mahali pa wazi.

Neno juu ya mabua. Mabua ya mahindi na ya mtama ni malisho ya ng'ombe, na si kila mtu anayo ya ziada. Zaidi ya hayo, ndani yake hujificha funza wa mabua, ambao huvumilia kiangazi chote wakisubiri mvua, kisha hutoka vipepeo vyao kushambulia mahindi mapya. Kabla ya kuyajengea, yalaze chini juani wiki 4 hivi, yasiyosimamishwa wala kurundikwa. Joto la jua litawaua wengi.

Nguzo na mchwa

Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Basi nguzo inayoonekana imara mwezi wa Mei yaweza kulala mwezi wa Septemba. Kwa ua wa mita 1.8 tumia nguzo za mita 2.5, na chini ziingie sentimita 70. Shimo liwe jembamba, udongo urudishwe kidogo kidogo na kushindiliwa kila mara kwa mti mzito. Mtu akijaza shimo lote mara moja na kukanyaga juu kwa mguu, amepanda nguzo katika uji. Umbali wa mita 2 kati ya nguzo watosha. Nguzo za pembeni ziwe nene, na kila moja iegemezwe kwa mti wa mshazari upande ule usiotoka upepo.

Mchwa ndio adui wa pili. Kiini cheusi cha mpingo na kiini cha mninga huwashinda kwa miaka mingi, lakini miti hiyo ni adimu na ukataji wake una kibali chake. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani zinafaa. Asiyekuwa nazo na amenye magome ya miti yake yote, maana chini ya gome ndipo wadudu wanapoanzia, na akague nguzo kila mwezi, akivunja njia za udongo ambazo mchwa hujenga juu yake. Watu wengine humwaga oili chafu ya magari katika shimo. Msifanye hivyo kando ya mboga. Wazee watakumbuka pia dawa za aldrin na dieldrin zilizokuwa zikitumika zamani. Hizo zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu hukaa ardhini miaka mingi na kuingia katika mwili wa mtu. Ukikuta kopo lake kuukuu ghalani, usilitumie wala usilizike. Mwarifu Bwana Shamba au Bibi Shamba wako.

Kivuli

Kivuli cha kitalu hakikusudiwi kuleta giza. Miche ikikaa gizani hurefuka, huwa myembamba na myeupe, na siku ya kuhamishwa shambani hufa. Hapa pia kipimo kinachofaa ni karibu nusu ya mwanga.

Kama unatumia fito juu ya kichanja, ziache zipishane kwa upana wake, na zielekee kaskazini na kusini. Jua likisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, michirizi ya kivuli nayo itasafiri juu ya tuta, na kila mche utapata jua kidogo na kivuli kidogo kwa zamu. Fito zikielekea mashariki na magharibi, mstari mmoja wa miche waweza kukaa juani karibu kutwa huku jirani yake amekaa gizani. Jambo dogo, nalo halina gharama, lakini mara nyingi naona limegeuzwa.

Jua linaloumiza zaidi ni la kati ya saa 8 na saa 10, nalo hutoka magharibi na kuingia chini ya kichanja. Shusha basi pazia la nyasi au fito upande wa magharibi, lifike kama nusu ya kimo. Upande wa mashariki uache jua la asubuhi liingie. Ni jema kwa miche na hukausha umande.

Usiezeke kitalu kwa bati lililo wazi pembeni. Upepo hulisukuma kutoka chini na wakati huo huo hulivuta kutoka juu, na bati linaloruka ni panga. Wagogo walipojenga tembe zao fupi, zenye paa bapa la udongo mzito, walijua walichokuwa wakifanya. Paa la fito hupitisha upepo, kwa hiyo halinyanyuki kwa urahisi. Hata hivyo lifungwe. Msumari uliopigwa kutoka juu hung'oka upepo ukivuta. Pitisha waya kuzunguka mti wa paa na kichwa cha nguzo, uukaze kwa koleo. Kamba ya mkonge ni nzuri kwa msimu mmoja, kisha jua huila. Atakayenunua neti ya kivuli aivute ikaze kama ngozi ya ngoma, kwa sababu neti inayopigapiga huchanika yenyewe.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha miche, anza kuondoa fito, kwanza chache, kisha nyingi, na upunguze maji. Mche uliozoea jua pole pole hushika upesi shambani.

Ua hai

Mwenye kitalu cha kudumu asijenge ua wa mabua kila mwaka. Mwezi wa Novemba au Desemba, mvua zinapoanza, na apande vipandikizi vya minyaa nje ya ua wa zamani, akiacha mita 2 mpaka kwenye tuta la kwanza ili mizizi isinyang'anye maji. Vipandikizi vikae kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha vipandwe kwa nafasi ya sentimita 30. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni waweza kupofusha, hivyo watoto wasitumwe kazi hii. Ukimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi na kupelekwa hospitali mara moja.

Minyaa huchukua misimu miwili au mitatu kufika kifuani. Mpaka hapo ua wa mabua uendelee, lakini kila mwaka mabua ya zamani yang'olewe na kuchomwa au kufukiwa katika shimo la mboji kabla ya mvua za kwanza, na nguzo zilizo nzima ziwekwe kando kwa ajili ya kichanja cha mwaka ujao.